Kisima Kilichopambwa kwa Wageni

Mwenzangu, nimechoka hadi kucha.

Si unajua leo wafadhili walikuja kuona kile kisima cha mji kilichoingia sumu, watupe pesa za kukisafisha?

Sasa bosi wetu pale idara ya maji, kwa kuogopa wageni wasisikie harufu, asubuhi kaagiza boza zima la maji safi limwagwe humo kisimani. Boza zima! Na ukame huu!

Mgeni mmoja akachota, akapima palepale. "Hongereni, maji yenu ni salama. Pesa tutawapelekea wenye shida."

Wenye shida, mwenzangu! Na bosi akaitikia, "Asante sana." Asante!

Nimefika nyumbani hoi. Mama mkwe kapanga ndoo mlangoni, ananiuliza boza la mtaa wetu limekwama wapi.