Mama Anakusubiri Uwanjani

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisianze maneno na mkubwa bila salamu.

Ule uwanja wa mpira uliokuwa ukiuchezea wameupa jina lako. Yona Mhembano, kwa rangi nyekundu juu ya geti, unalisoma ukiwa mbali kabisa. Walipokuja hapa Ipagala kuomba ridhaa ya familia, nilikubali hata soda zao hawajamaliza. Siku ya uzinduzi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilikuwa mjinga, Baba. Sikumfikiria Mama.

Ulipofariki alikuwa anasahau funguo na majina ya wajukuu. Sasa amesahau kwamba umekufa. Kila Jumamosi mtangazaji wa redio anasema, "Leo tupo kwa Yona Mhembano," naye anainuka, anakufunikia ugali wa uwele na mlenda, anachukua njumu zako kuukuu na kuondoka. Anasema umezisahau. Nilificha redio, majirani wanazo. Nilifunga mlango, akapiga kelele mpaka balozi wa mtaa akaja kuniuliza namfanyia nini mama yangu.

Mlinzi wa uwanja ana namba yangu. "Dada, bibi yupo tena hapa." Namkuta chini ya jina lako, anakuamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, baba Neema," anangoja mechi iishe utoke. Ndipo namwambia: Mama, Baba alishafariki, tulimzika Mlali. Mchungaji alisema mzazi hadanganywi, nami nikamsikiliza.

Jumamosi iliyopita nilimwambia tena. Alikaa chini vumbini, mikono kichwani, mashabiki wakimpita na vuvuzela zao. "Amekufa lini? Mbona hamkuniita nimzike?"

Na yeye ndiye aliyekufumba macho ulipokata roho.

Sina wa kumuuliza, Baba. Nimechoka mpaka naona aibu kusema. Sisi wengine tulifiwa mara moja. Yeye anafiwa kila wiki, na anayempelekea msiba ni mimi mwanawe.

Nimekumbuka ulivyovunjika mguu kule Kongwa. Ulimtumia Mama neno kwamba umeteguka kidogo tu, ili asilie njia nzima akija. Mimi mtoto nikakuita mwongo. Ulicheka, mguu ukiwa kwenye plasta, ukasema, "Wacha afike kwanza."

Leo asubuhi ameuliza uko wapi. Nikamwambia uko mazoezini, utachelewa. Akatabasamu, Baba, akaniagiza nikuwekee maji ya kuoga. Nimeyaweka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa hiyo nakuaga hapa kwenye karatasi, maana ndani ya nyumba hii, kuanzia leo, hujafa. Lala salama. Nikitaka kukulilia nitakuja Mlali peke yangu. Ila nakuahidi jambo moja: mbele ya Mama sitakuzika tena.

Mwanao,
Neema