Nane Nane Tuliyokaa Kwenye Viti

Kaka Zakaria,

Salamu sikupi leo. Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe, kwa hiyo lala hapo hapo unisikilize.

Jana ilikuwa Nane Nane. Ya kwanza tangu tukuzike, na ya kwanza ambayo bendi yetu, Radi ya Mpakani, haikupiga hata wimbo mmoja tangu tuianzishe. Tulikaa kwenye viti, Kaka. Viti vya plastiki. Mimi, gitaa langu la besi nimeliacha nyumbani; Chanda mikono mitupu, ngoma zake ziko kwao Nakonde, ng'ambo ya Zambia; Ezekia kalikumbatia gitaa lake ndani ya mfuko kana kwamba mtu atamwibia. Tulipangwa mstari wa mbele chini ya turubai, tumevalishwa fulana zenye sura yako, tukasikilizishwa nyimbo zetu wenyewe kutoka kwenye flashi ya DJ.

Kila wimbo ukianza, mshereheshaji anatunyooshea mkono: "Wazee wetu hao, makofi kwao!" Watu wanapiga makofi, sisi tunapunga. Nilijisikia mgeni rasmi kwenye msiba wangu mwenyewe. Kisha nikapewa dakika tatu za kutoa neno. Miaka yote hii ya kupiga roki na wewe, dakika tatu! Nikasema asanteni kwa kuja, nikakaa.

Usidhani nilikubali kirahisi. Wiki tatu nzima niligombana na kamati ya kumbukumbu, ambayo mwenyekiti wake ni mwanao Baraka. Niliwaambia tarehe nane Agosti bendi inapiga, na hilo halijadiliwi. Baraka akasema, "Shangazi, mwaka huu mpumzike." Nikamwambia anayepumzika ni baba yako, sisi wengine bado tunatembea. Baraka akafunga daftari lake, nikadhani nimeshinda. Kesho yake nikaambiwa DJ ameshapatikana.

Watoto hawa hawajui tarehe hiyo tumeibeba vipi. Mwaka wa kwanza tulipiga juu ya tela la lori lililokwama kwenye foleni ya mpaka, dereva akaturuhusu kwa sababu naye alishachoka kukaa kimya. Tulipatana saa nane mchana. Tukapiga saa nzima bila ngoma, vumbi linatuingia kinywani, ndipo Chanda akatokea anatembea taratibu, akatuonyesha saa yake ya Zambia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja, akasema kwa adabu ya Kibemba: "Kwangu nane kamili, mukwai. Ninyi ndio mmewahi." Ulicheka mpaka ukaruka ubeti.

Kuna mwaka Baba alitoka Mbozi Mission na koti lake la mzee wa kanisa kuja kutukataza, akisema gitaa linalonguruma vile halimjui Mungu. Akakaa mpaka wimbo wa mwisho, eti auone uovu wote. Mwaka uliofuata akaja tena kuuona uovu, safari hii na kiti chake.

Na mwaka ule mkeo, wifi yangu, alipofariki, tumetoka kumzika mwezi wa saba, nikakusihi tuahirishe. Ukaniambia, "Enelesi, tarehe haina miguu. Haihami." Ukapiga umewapa watu mgongo, nasi tukajifanya hatuoni mabega yako. Watu wa Nakonde nao walipotuomba tusogeze iwe Jumatatu ile ya mwanzo wa Agosti wanayosherehekea wakulima wao, na Ezekia akawaunga mkono, ulikasirika hukusema naye wiki nzima.

Kwa hiyo ndiyo maana niligombana. Nilidhani naitetea kauli yako.

Jana watu walipoanza kutawanyika nilimfuata Baraka pale alipokuwa anapanga viti, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu tu, "Shangazi, si mimi. Ni Baba. Alipokuwa hospitalini aliniambia, nikiondoka, Nane Nane wekeni DJ. Shangazi yako vidole vimemkataa. Msimwache aaibike mbele za watu."

Kaka. Ulijua.

Miaka minne nimewaficha wote. Kila Agosti, baridi ya hapa Tunduma ikinikaza mikono, naitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kupiga, mtu akiniuliza nasema nafua. Nilijiona mjanja sana. Na wewe miaka hiyo hiyo ukaanza kuvamia sehemu yangu. Kila penye sauti za chini, zile za kukimbiza vidole, nakusikia umeshuka kwenye nyuzi zako nene unazipiga wewe. Nikakugombeza mbele ya Chanda: "Kaka, baki kwako! Umezeeka, husikii tena?" Ukasema, "Samahani dada, nimejisahau." Wimbo uliofuata ukajisahau tena.

Ulikuwa unanizibia mapengo. Mimi nakutukana, na wewe unanizibia.

Sasa nifanye nini na huruma hiyo? Nakupenda kwayo, na nina hasira nayo. Mbona hukuniambia? Ningekataa, ndiyo, ningekuita mwongo na mchawi. Lakini ungeniambia! Badala yake ukanistaafisha kwa siri, ukampa mtoto mzigo wa kunizuia, nami nikamdhalilisha bure mbele ya kamati. Nimemwomba radhi. Kainamisha kichwa, akanishika mikono hii hii, akaanza kulia kama alivyokulilia wewe.

Asubuhi ya leo nimewaita Chanda na Ezekia kwangu. Nimeweka beseni mezani waone, nikachovya mikono, nikawaambia ukweli. Ezekia akasema alikuwa anajua. Chanda naye akasema alikuwa anajua. Kumbe aliyekuwa hajui kwamba mnajua ni mimi peke yangu! Tukajaribu wimbo mmoja. Tulipofika zile sauti za chini, mbili nilizipata, zilizobaki hapakuwa na kitu, ni pengo tu. Ezekia akataka kushuka kwenye nyuzi zake nene kunisaidia, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Nikamkatalia kwa kichwa.

Pumzika sasa, Kaka. Umefanya kazi ya watu wawili muda mrefu na hukudai hata asante. Basi asante, ingawa bado nimenuna. Ahadi yangu ni hii: mwakani tarehe nane Agosti tutapanda jukwaani, DJ abaki kwao, nami nitapiga ninachoweza. Lile pengo nitaliacha wazi. Watu wakiguna, wakiuliza hapo pamekuwaje, nitawaambia kwa kipaza sauti: hapo alikuwa anapiga kaka yangu, na mimi nikimgombeza.

Dada yako,
Enelesi