Karatasi ya Kitanda cha Nne

Shoga, nimeharibu. Nimeharibu, nakwambia!

Unajua kesho nina ule mtihani wa Kiingereza, yale maneno ya kusema kitu kimezidi kiasi gani. Basi niko zamu wodini, nikatunga sentensi za mazoezi juu ya mzee wa kitanda cha nne, maana ndiye aliyekuwa mbele yangu. “Slightly ill”, anaumwa kidogo. “Very ill”, sana. “Extremely ill”, kupindukia. Mstari kwa mstari mpaka “almost dead”, karibu kufa.

Nikaisahau karatasi yenyewe kwenye faili lake. FAILI LAKE! Nesi mzima!

Binti yake kaisoma, kadhani ni ripoti ya siku kwa siku. Kawapigia ndugu zake wote, sasa korido nzima ni kilio. Na mzee kesho anaruhusiwa kwenda nyumbani!

Hata yule kifungua mimba aliyemsusa baba yake miaka sita kaja. Kapiga magoti, kaushika mkono wa mzee, hauachii.

Alipotoka kunawa uso, nikamwinamia mzee nikiri kosa.

Shoga, akaninong’oneza: “Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyempa binti aisome. Usiseme kwanza.”

Na huyo hapo, daktari anaingia.