Ushuhuda Wangu Unamuua Rafiki Yangu

Mama Elizabeth, shikamoo. Mimi ni mwanamke mwenye ndoa, Mkristo, mkulima wa mpunga na kokoa huku Kyela, na ninakuandikia kwa sababu sina tena pa kulisemea jambo hili, hata Mungu mwenyewe naona haya kumwendea nalo.

Mwaka juzi niliugua kifua, nikakohoa na kukonda mpaka sketi zikawa zinanidondoka, na kwa kuwa siku hizi mtu akikonda tu watu wameshampa ugonjwa ule usiotajwa, mume wangu Ezra alinipeleka kimya kimya kwa dada yangu Tukuyu, tukawaaga majirani kwamba dada kajifungua nakwenda kumsaidia, kumbe nilikuwa na TB, nikachomwa sindano kila siku hadi kukaa kitako nikashindwa, kisha nikameza vidonge miezi mingi, nikapona kabisa. Niliporudi nimenenepa kila mtu alishangaa, nami nikawa najibu tu kwamba Mungu ni mwema, na hilo halikuwa uongo.

Sasa tangu serikali ilegeze masharti ya biashara na mikutano huku kwetu mikutano ya injili nayo imekuwa mingi kama maduka, na mwaka jana alikuja mhubiri mmoja na pikapu, jenereta na vipaza sauti, uwanja wa mpira ukafurika, mpaka watu wa Ikombe walikuja na mitumbwi yao, na alipoita waliotendewa makuu jirani zangu wakanisukuma mbele, akaniuliza nilikuwa naumwa nini, nikasema kifua, akauliza, "Na dawa gani ilikuponya, mama?" Hapo ndipo nilipoangamia, maana niliwaza nikitaja sindano wataniuliza za nini, nilichomwa wapi, na kwa nini nilificha, basi nikasema, "Hakuna dawa. Sikumeza hata kidonge kimoja. Ni Yesu tu." Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu, na sitakuficha, nilifurahi.

Wale watu walikuwa wanarekodi. Ushuhuda wangu ukawa kwenye kaseti, na kaseti zinauzwa, hata Said mwenye duka pale stendi anazo pamoja na za taarabu, akikosa wateja anaipiga ile yangu, nami nikienda kununua chumvi najisikia mwenyewe nikidanganya. Nikaanza kualikwa, leo Ikolo, kesho Ndandalo, napewa kiti cha mbele na wachungaji, na kila nikisimama uongo unakuja mtamu zaidi.

Mama, ninaye rafiki, nimwite Angetile, tumekua pamoja na mashamba yetu yanapakana. Naye alipatikana na TB, hospitali wakamwanzishia dawa, akaanza kupata nafuu, kisha akaisikiliza ile kaseti na kuvimwaga vidonge vyote chooni. Mimi nilijua baadaye, alipokuja kunishukuru. Alinishika mikono miwili akasema, "Ndaga fijo, dada. Asante sana. Bila wewe ningekufa nimetegemea vidonge."

Sasa anatema damu. Amebaki mifupa, na mtoto wake mdogo anayelala naye kitanda kimoja ameanza kukohoa. Wiki iliyopita nilijikaza nikamwambia arudi hospitali, kwamba Mungu hutumia hata madaktari, akanitazama akacheka kidogo mpaka kikohozi kikamshika, akasema, "Dada, unanipima imani? Sitamkana Yesu. Wewe hukumeza hata kimoja." Na redio ya kaseti ilikuwa pale pale kando ya kitanda, mawe ya betri yamekwisha, sauti yangu inatoka nzito na ya kuvuta kama ya mtu anayezama.

Ezra ananiambia ninyamaze. Anasema aliyeniponya ni Mungu, dawa ni njia tu, kwa hiyo sikudanganya, na nikisema leo nitaua imani ya watu wengi na binti zetu hawataolewa kwa kuambiwa mama yao ana ule ugonjwa. Silali, na kanisani nikiimba naona kama kila mtu anausikia uongo wangu. Naomba unisaidie, kama inawezekana uandike tu kwa jumla gazetini kwamba wenye TB wasiache dawa, bila kunitaja, labda atasoma atabadilika. Au nifunge na kuomba mpaka Mungu amponye kweli, ili yale niliyosema yawe kweli?

Mimi niliyepotea,
Kyela

MAMA ELIZABETH ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote hilo ndilo nililoweza kulijibu kwa moyo mweupe.

Nakuhurumia. Uliogopa midomo ya watu, na midomo hiyo naijua. Mwanamke anayejificha ili atibiwe ameonewa kabla hajakosa. Lakini huruma yangu inaishia pale uwanjani. Mhubiri alikuuliza swali dogo, ukaona heri ujiponye wewe. Na tangu hapo umeurudia uongo huo kijiji kwa kijiji, hakuna aliyekushikia panga, ulishikwa na kile kiti cha mbele.

Unataka niandike kwa jumla ili Angetile asome. Mwanangu, huyo mgonjwa hasubiri gazeti langu. Anakusubiri wewe. Ulimwambia uongo kwa mdomo wako, sasa unataka ukweli apelekewe na mtu baki! Tena nikiandika wagonjwa wasiache dawa, atasema, "Huyu mama wa gazetini hana imani, angemsikiliza rafiki yangu."

Na huko kufunga ili Mungu aufanye uongo wako uwe kweli, usithubutu. Ulishalitumia jina lake kudanganya, usimtume na kazi ya kukufichia aibu. Mumeo naye mwambie hivi kutoka kwangu: imani inayohitaji mama mmoja azikwe ili isimame, hiyo si ya Kristo. Mungu alikuponya, sawa, na alikuponya kwa sindano. Ungesema hivyo, Angetile angekuwa shambani leo.

Sikiliza sasa. Ukimaliza kusoma hapa, kunja gazeti uende kwake. Usizunguke, usianze na mistari ya Neno. Mwambie, "Nilidanganya. Nilichomwa sindano Tukuyu, nilimeza vidonge, ndivyo nilivyopona." Atakutukana, huenda akakufukuza. Kaa hapo hapo. Akikataa kuamini, mwite dada yako aje aseme alichokiona. Kisha mbebe, kwa baiskeli, kwa machela, mpeleke hospitali pamoja na mtoto, na mbele ya daktari useme wazi kwamba alianza dawa akaziacha, maana matibabu yake si sawa na ya anayeanza upya. Mtoto naye apimwe.

Baada ya hapo ndipo uende kwa mchungaji wako, uombe kusimama Jumapili, na Ikolo na Ndandalo urudi ukaseme vilevile. Said mwambie kilichomo ndani ya ile kaseti. Watu watakupa ule ugonjwa, watakucheka, binti zako watasikia mengi. Siwezi kukuahidi kwamba itapita haraka. Nakuahidi tu kwamba utaweza kuomba tena, na hilo sasa huliwezi.

Nina neno moja la mwisho na limeninyima raha tangu jana. Barua yako imechelewa njiani, na gazeti nalo lina safari yake mpaka Kyela. Mgonjwa anayetema damu hangoji posta. Inawezekana unasoma haya na wanawake wameshaanza kulia pale jirani. Ikiwa ndivyo, usirudi kujifungia ndani na kujiambia yamekwisha. Nenda msibani, usimame mbele ya mama yake Angetile, useme yote kabla hawajamzika, kwa sababu mtoto anakohoa, na yule bibi atambeba mjukuu wake kwenda kuombewa, wala si hospitali.