Mwanangu Alifunika Mshumaa kwa Bilauri, Mdogo Wake Akafa

Mpendwa Bi Hyasinta,

Naomba msaada wako wewe, maana hapa nyumbani kila ninayemwuliza ana jibu moja tu, na jibu hilo sitaki kulisikia tena. Mimi ni mama wa watoto wawili, nilikuwa, sasa ni mmoja, tunapanga katika nyumba ya Mtaa wa Sikukuu hapa Kariakoo, karibu na pale wanapojenga soko jipya, na mume wangu Zahoro ananunua samaki Feri na kuwatembeza mitaani, ni mtu mzuri, hanipigi, usifikiri barua yangu ni ya kumsema mume.

Tatizo langu ni binti yangu Siwema, yuko darasa la saba, ana akili mpaka walimu wanamsifu, na tangu aanze kufundishwa sayansi na mwalimu mmoja wa kike anaitwa Mwalimu Benedikta basi nyumbani hakuna kitu kisicho na jina lake, nguo zikikauka kambani atakwambia huo ni uvukizi, kisu kikishika kutu atakwambia chuma kimekutana na oksijeni na unyevu, hata chumvi ikipotea kwenye mchuzi atakwambia haikupotea, imeyeyuka, na sisi tulikuwa tunacheka, baba yake alikuwa anamwita Daktari.

Masika haya nikajifungua mtoto wa kiume, tukamwita Mrisho, na shangazi yake Zahoro, Bi Sabaha, akaja kunilea uzazi kama alivyowalea wanawake wote wa ukoo huu, akaniotesha moto kama ilivyo desturi, jiko la mkaa chini ya kitanda cha kamba usiku na mchana, dirisha limefungwa na kanga imesokomezwa kwenye nyufa upepo usimpate mtoto, maana mvua ilikuwa haikatiki. Mimi nilikuwa naumwa kichwa kila siku, kichwa cha kupasuka, na kichefuchefu juu yake, nikitolewa uani kukandwa kwa maji ya moto kinapoa, nikirudi ndani kinaanza upya, Bi Sabaha akasema ndio uzazi wenyewe huo, wa mtoto wa kiume ni mzito.

Sasa siku moja Siwema karudi kutoka shule na kipande cha mshumaa, akachukua bilauri ya baba yake, akakaa sakafuni mbele ya kitanda changu, akawasha, akasema, "Mama tazama, Bibi na wewe tazama," akaufunika mshumaa kwa ile bilauri, ukawaka kidogo, ukafifia, ukazimika, moshi ukabaki unazunguka mle ndani. Akasema, "Mmeona? Ndani ya hewa mna oksijeni, moto unaila, ikiisha unazimika. Na chumba hiki ndiyo bilauri. Mkaa unatumalizia oksijeni, halafu unatoa gesi ya sumu haina hata harufu, mwalimu katufundisha. Mama, Mrisho mdogo, atakufa."

Bi Hyasinta, alilitamka neno hilo mbele ya kitanda cha mzazi, mtoto hajatimiza arobaini. Bi Sabaha alimpiga kofi la mdomo, akamwambia, "Una uchuro wewe! Unamzimia mwenzio taa?"

Kesho yake asubuhi kabla ya kwenda shule Siwema akaivuta ile kanga dirishani, nikamwambia irudishe, tena kwa ukali, nikamwuliza, "Unataka nini na mdogo wako?" Akairudisha huku analia, akaenda. Nikatolewa uani kukandwa, mlango tukauvuta upepo usiingie, niliporudi Mrisho amelala, midomo myekundu, mizuri kuliko siku zote, nikasema leo kalala vizuri, nikamwacha. Nilimwacha alale, Bi Hyasinta. Nilipomchukua kumnyonyesha ndipo nikajua.

Msibani Bi Sabaha akawahadithia watu habari ya bilauri, neno likatoka nyumbani likafika bombani, na sasa wanaochota maji wote wanajua kwamba Siwema kamzimia mdogo wake taa kwa kijicho, kwa sababu alikuwa mtoto wa peke yake miaka mingi. Bilauri imefungwa kitambaa cheusi, inasubiri kupelekwa kwa mganga. Baba yake hamwiti tena Daktari, hamwiti chochote. Amesema mvua ikikatika na basi la Rufiji likianza kupita atampeleka Mohoro kwa bibi yake, akae huko huko, mtihani wa darasa la saba ausahau. Na mke wa Bakili, mpangaji wa chumba cha mbele, naye yuko karibu kujifungua, anasema Siwema akiwapo yeye hazai nyumba hii, Bi Sabaha ameshaombwa amlee na gunia la mkaa limeshanunuliwa.

Siwema mwenyewe hataji majina ya vitu tena. Analala ukumbini kwenye mkeka, na aliyemtoa chumbani ni mimi. Nampenda mwanangu, lakini akiingia mwili unanisisimka, jana amenisalimu shikamoo nikashindwa kumwitikia.

Niambie, iko dawa ya mtoto mwenye mdomo wa uchuro? Au nimwachie aende Mohoro yaishe? Nisamehe mwandiko, nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, na Siwema ndiye aliyekuwa ananishika mkono kila jioni mpaka nikaweza.

Mimi mama yake Siwema,
Kariakoo

*

Mama Siwema,

Pole. Pole sana. Majina yenu nimeyabadilisha hapa gazetini ili bombani wasipate la kuongeza, na barua yako imepita mbele ya barua zote zilizoitangulia, kwa sababu mvua inakaribia kukatika. Nitasema nawe waziwazi, na patauma.

Hakuna dawa ya mdomo wa uchuro kwa sababu mwanao hana uchuro. Alikuwa anasema kweli.

Nimemsomea daktari wa watoto barua yako. Mwanzoni alisita, akaniambia hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona. Nilipofika pale ulipoandika kwamba kichwa kinakuuma ndani na uani kinapoa, akaniomba nirudie. Nilipofika kwenye midomo myekundu akavua miwani. Akasema, "Huyo ni mkaa. Na mama mwenyewe alikuwa njiani." Umesikia? Kichwa kile hakikuwa uzazi. Hata wewe ulikuwa unakufa polepole kitandani kwako, na kukandwa uani ndiko kulikokuokoa.

Nikueleze kama nilivyoelezwa. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa inayotuweka hai, wewe na mimi na kuku wa jirani. Mkaa nao unaitaka hiyo hiyo ili uwake. Chumba kikizibwa, mkaa hauipati ya kutosha, basi unaungua nusunusu na kutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haikufanyi ukohoe. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu mzima ataumwa kichwa na kutapika. Mtoto mchanga atalala. Ni jina refu, najua, na wapo wazazi wanaoniandikia kulalamika kwamba maneno haya ya shuleni hayana kazi ila ya kufaulia mtihani. Mwanao alilichukua somo lake mpaka nyumbani kwenu amwokoe ndugu yake, mkampa kofi.

Sasa kukaripiwa utakaripiwa. Ulimwuliza, "Unataka nini na mdogo wako?" Alitaka aishi! Katika nyumba nzima ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anafanya la maana, na mtoto wa darasa la saba hana nguvu ya kubishana na watu wazima wawili. Aliwasha mshumaa kwa sababu maneno matupu mngeyacheka, kama mlivyoyacheka ya chumvi na kutu. Alichofanya ni kuwaonyesha, na hicho alichowaonyesha ndicho mlichokifunga kitambaa cheusi.

Hukukusudia. Bi Sabaha naye hakukusudia. Mimi mwenyewe nimeota moto huo kwa kila mtoto niliyemzaa kwetu Masasi, na mama yangu kabla yangu. Lakini nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, upepo unaingia huku unatokea kule bila kubisha hodi. Nyumba zenu zina saruji na madirisha ya kufunga, na juu yake mkasokomeza kanga. Desturi mmeihamishia mjini bila zile nyufa zake.

Kuhusu mwili kukusisimka akiingia: sidhani kwamba unamwogopa mtoto. Nadhani ukimwona unaikumbuka ile kanga. Utaikumbuka miaka mingi, Mama Siwema, na kile kitendo cha kumwacha alale kitakurudia hata ukiwa unapepeta mchele. Sina la kukuondolea hayo. Mama yeyote akimkuta mtoto amelala vizuri humwacha. Lakini maumivu hayo ni yako na ya watu wazima wenzako, na ninyi mmemtwisha msichana ambaye hata matiti hayajamtoka, ili ninyi mpate usingizi. Hilo ni dhambi, na hilo ndilo unaloweza kuliacha leo.

Leo hii, wala usingoje mvua ikatike, nenda shuleni kwa Mwalimu Benedikta umweleze yote. Mwombe aje nyumbani jioni, Zahoro akiwa amerudi kutoka mitaani. Bilauri itoke kwenye kitambaa, ioshwe kwa sabuni, na mganga asiione kamwe. Siwema awashe mshumaa tena mbele ya baba yake na mbele ya Bi Sabaha, ambaye utamwita kwa heshima zake zote, na safari hii mwacheni mtoto amalize kusema. Zahoro akibisha, msomee gazeti hili. Akibisha bado, nenda kwa balozi wa nyumba kumi na mwalimu akiwa pembeni yako. Mtoto wa shule haondolewi darasani kwa ajili ya bilauri. Mohoro ataenda likizo, akamsalimie bibi yake, akiwa na matokeo yake mkononi.

Kisha ingia chumba cha mbele. Hili litakuwa zito kuliko yote, lakini mtu mwingine akilisema halitasikika. Mwambie mke wa Bakili kwamba mwanao alikufa kwa jiko lililokuwa chini ya kitanda. Lile gunia la mkaa liungulie uani, maji yachemkie uani, dirisha libaki wazi na mtoto avikwe nguo nzito. Akiumwa kichwa ndani ya chumba atoke na mtoto wake hapo hapo, waende hospitali. Wanawake wa bombani watakusema wewe sasa, badala ya Siwema. Waache wakuseme. Wewe ni mama yake.

Na usije ukamwambia Siwema kwamba umemsamehe! Hana alilokosa. Wewe ndiye umwombe radhi, kwa maneno mafupi, bila kumlilia mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Mkeka wake uutoe ukumbini kwa mikono yako mwenyewe, na akikuamkia asubuhi umwitikie kwa sauti ambayo nyumba nzima itaisikia.

Halafu jioni chukua kalamu, mwambie akushike mkono kama zamani, akuandikishe neno oksijeni. Alipokwambia hii ni A, ulimwamini papo hapo.

Hyasinta