Kikombe cha Mukabera

Rugerero, Gisenyi
14 Septemba 1999

Mpendwa mwanangu Uwera,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Na baba yako, kifua chake kimepoa? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo tumeshazoeana. Mvua zimeanza, maharage tumepanda, na usalama umetulia kiasi kwamba watu wameanza tena kugombania mipaka ya mashamba.

Barua yako niliipata. Unasema posa ya Cyiza inakutia wasiwasi kwa sababu kanisani anakaa kimya, hatoi ushuhuda, hanyanyui mikono, na wenzako wanakuambia huyo si Mkristo wa kweli. Unaniuliza utamjuaje. Nilianza kukujibu kwamba wapiga kelele ndio wa kuogopa, na mfano nilikuwa nao tayari, jirani yetu Illuminée. Karatasi ile nimeichana.

Illuminée ni mlokole aliyekulia Goma. Alfajiri anaomba mpaka mbuzi wa watu wanaamka. Mume wangu Kayitare anamwita Redio, nami nilikuwa nacheka.

Tuna pia bibi mmoja mjane, Mukabera, anaishi peke yake. Mwaka jana mtoto wa jirani alifariki ghafla, na jana yake alikuwa amekunywa uji kwa huyo bibi. Basi, maneno yakaanza: ana sumu. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyempiga. Waliacha tu kula na kunywa kwake. Huku kwetu, mtu asiyenywewa kitu chake amekwisha.

Jumamosi tulikwenda kumwezekea mabati, Wakatoliki na walokole pamoja, maana turubai lake lilikuwa limechanika vibaya. Sasa, desturi ya huku ni kwamba mwenye nyumba hawaachi watu waondoke na koo kavu, na kabla hajawapa anaonja yeye kwanza mbele yao, waone kinywaji hakina ubaya. Mukabera alikuwa ametengeneza ubushera, kile kinywaji cha mtama kisicholevya. Asubuhi aliniambia polepole kwamba wakikataa na leo, atawaachia mabati yao aende Kanzenze kwa mdogo wake. Mzigo alikuwa ameshaufunga. Niliuona nyuma ya mlango.

Kazi ilipokwisha akatoka na chungu na kikombe. Ghafla kila mtu akawa na shughuli! Mmoja akawa anatafuta nyundo, na nyundo ameishika. Mwingine, yule anayetuongoza rozari, akakumbuka ng'ombe wake. Mukabera akainua kikombe aonje, na waliobaki wote macho kwenye koo lake, waone kama anameza kweli. Uwera, niliona aibu, na bado sikusogea.

Illuminée alikuwa juu ya ngazi. Akashuka, akamwondolea kikombe mkononi kabla hakijafika mdomoni.

“Mama, acha kuonja,” akasema. “Leta hapa, mi niko na kiu.”

Akanywa chote. Akafuta mdomo kwa kitenge, akarudisha kikombe. “Iko muzuri. Ongeza.”

Nilisubiri mahubiri. Hayakuja. Hata haleluya moja hakusema, yeye ambaye hamalizi kumenya kiazi bila haleluya. Kayitare akanywa wa pili, mimi wa tatu. Wengine walijiondokea, sitakudanganya.

Jumapili asubuhi watu walipita mbele ya nyumba ya Illuminée kwa visingizio vya kila aina, kuangalia kama yu hai. Alikuwa anafagia na kuimba, vibaya kama kawaida. Mukabera amefungua mzigo wake.

Kwa hiyo, mwanangu, habari ya kelele na ukimya mimi nimeachana nayo. Miaka mitatu nimemsikia Illuminée kila alfajiri na sikumjua.

Nisalimie kaka yangu, mama yako, na mdogo wako Ineza, mwambie soksi nimezipokea na zinanitosha. Kayitare anawasalimu. Mungu awafunike nyote na awape mvua ya kutosha.

Aliyekuletea barua hii amebeba pia kifuko cha unga wa mtama. Umetoka kwa Mukabera, ni zawadi yake kwa posa yako. Sikumwomba auonje. Mtengenezee Cyiza ubushera, na umwambie kwanza unga umetoka kwa nani na watu wanasema nini juu yake. Usimwonjee. Mpe kikombe, unyamaze, umwangalie. Kisha jimiminie na wewe, maana naye ana haki ya kujua anaoa mtu gani.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye,
Pascasie