Folda ya Makaburi Niliyoiacha Wazi

Mpendwa mshauri Ragnhild,

Naomba msaada, maana nimebanwa na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya makaburi ya parokia ndogo huku Jutland, Denmark, na tuna ule uwanja wa majani ambako majivu ya marehemu huzikwa bila jiwe wala jina, anayejua nani yuko wapi ni daftari peke yake, na daftari letu kwa miaka mitatu sasa limo ndani ya programu. Programu hiyo huandika kumbukumbu kwenye folda yake yenyewe, ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika kitu, kwa hiyo kila asubuhi Gudrun, karani wetu wa miaka mingi, alikuwa ananiita niweke neno langu la siri ndipo aweze kuhifadhi, nikachoka, siku moja nikaifungulia folda nzima, kila mtu aandike, kila mtu afute, nikasema nitarekebisha wiki ijayo, na sikurekebisha.

Mwezi uliopita Gudrun alikuwa anaondoa mafaili ya zamani, akafuta kumbukumbu zote akidhani ni takataka, na kompyuta haikumzuia kwa sababu mimi nilishaiambia isimzuie mtu. Nakala za akiba huchukua barua zetu tu, si folda za programu. Mtaalamu kutoka mjini Aarhus amejaribu kuzirudisha, akaondoka mikono mitupu. Marehemu arobaini na mmoja wa miaka hiyo mitatu hatujui walipo. Mmoja wao ni Inger, ambaye mumewe Egon ni mgonjwa wa saratani na ameomba azikwe ubavuni mwake.

Gudrun ameandika barua ya kuacha kazi, na baraza la parokia linakaa Jumatano. Ijumaa ilikuwa zamu yake ya kuleta mikate ya asubuhi, akaleta, hakuna aliyeigusa. Akaniambia, "Mwanangu, mimi haya makompyuta siyajui, lakini mkono uliofuta ni wangu." Nikanyamaza. Nina watoto wawili, nikisema nitafukuzwa. Nikisema sasa itamsaidia nani?

Aliyenyamaza

Bwana uliyenyamaza,

Itamsaidia Gudrun. Unajua hivyo, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya mwenyekiti wa baraza.

Kuchoka nakuelewa, kuitwa kila asubuhi kwa jambo lile lile ni adha. Lakini ulichoka wewe, na anayeacha kazi ni yeye. Hilo ni aibu, na usijifiche nyuma ya watoto.

Jumatatu, usingoje Jumatano, mpelekee mwenyekiti barua inayosema folda ilifunguliwa lini na nani. Kabla ya hapo mwambie Gudrun, asije akasikia kwa watu, na umsihi aiondoe barua yake. Folda ya programu irudishie ulinzi wake. Kumbukumbu za kuanzia sasa ziwekee folda ya pembeni, humo karani na msaidizi wake ndio waandike, si kila anayewasha kompyuta, na iingie kwenye nakala za akiba. Halafu kaa na mchimba makaburi wenu aliyezika majivu hayo, kila anachokumbuka kiandike kwenye karatasi.

Huenda Inger asipatikane. Kwa hiyo nenda kwa Egon ungali unamkuta, keti, umwambie ni wewe. Usimharakishe akusamehe, si kazi yake kukutuliza. Akikasirika, angalau atakuwa amemkasirikia mtu anayestahili.

Ragnhild